Land Rover Iliyotoka Digodigo

Germana alijifunza ufundi wa magari akiwa ameketi kwenye viti vya madereva, ndani ya magari yasiyokwenda popote. Fundi alikuwa mumewe, Bartolomeo; yeye alikuwa mkanyagaji tu. Breki zikishafunguliwa na kufungwa upya, mabomba yake huingia upepo, na upepo huo hautoki mpaka watu wawili washirikiane: mmoja juu akikanyaga pedeli, mwingine chini akilegeza kinati kidogo nyuma ya gurudumu na kukikaza tena. Basi Germana, akishabandika maharage, alivuka barabara mpaka gereji ya Mzee Omary, akapanda garini na kutega sikio. Sauti ya mumewe ilimjia kutoka chini ya sakafu, nzito na ya mbali, kama ya mtu aliyeko kisimani.

"Kanyaga! Shikilia... shikilia hapo hapo. Achia."

Bartolomeo alikuwa Mwiraki, Mmbulu wa Endabash. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani akiwa utingo wa Wazungu, na kule alijifunza magari kwa kuyafungua kila yalipokufa. Hakuwa mtu wa kuficha kazi. Mke wake alipoinama siku moja kuuliza ile nati inafanya nini, alimpisha alale kando yake juu ya gunia, akamwonyesha. Tangu hapo jioni nyingi zikawa hivyo, na watu wa Karatu wakazoea kuona jozi mbili za miguu zikitokeza chini ya gari moja. Walicheka kidogo, wakaacha.

Miaka hiyo Karatu ilikuwa mji mdogo wa vumbi jekundu ndani ya wilaya ya Mbulu, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Spea zilizokuwa zikiingia kutoka Nairobi zilikatika kama bomba lililofungwa koki. Mafundi wakaanza kuishi kwa akili. Bolti ya trekta ikaingia kwenye Bedford, na mpira wa ndala ukawa gasketi. Ushirika mmoja wa wakulima wa ngano kule Mbulumbulu ulileta Land Rover yake ya kijivu, kishikio cha giaboksi kimekatika. Bartolomeo alikiunga kwa kuchomelea, akapachika bolti ya mashine ya kuvunia ngano, lakini bolti ikawa inacheza kwenye tundu lake. Palihitajika kipande chembamba cha bati cha kujaza nafasi. Germana alikwenda nyumbani, akarudi na mkebe mtupu wa samli na mkasi wake wa kushonea, akalikata lile bati kwa duara. Mkasi ukaharibika meno. Alinuna siku nzima kwa sababu ya ule mkasi.

Juma lile lile dereva wa ushirika aliugua homa, na palikuwa na dawa ya josho iliyotakiwa ifike kwa wafugaji wa Nainokanoka, juu huko nyuma ya bonde la Ngorongoro. Wakamwomba Bartolomeo aipeleke, maana gari alikuwa analijua. Aliondoka asubuhi. Mlinzi wa lango la Lodoare alimfungulia kizuizi, akamwambia ukungu umeshuka mpaka barabarani, aende taratibu. Bartolomeo akapunga mkono, akaingia katika ule weupe.

Hakuonekana tena. Ilikuwa mwaka wa sabini na nane.

Walimtafuta ukingoni mwa bonde, na mpaka chini. Walitazama kila kona ambapo gari lingeweza kuchupa. Hapakuwa na tairi, wala kioo, wala mti uliovunjika. Ndipo maneno yakaanza. Land Rover nzima, wakasema watu, ukiivusha mpaka kwa njia za panya za Loliondo, unatajirika. Fundi amepata gari bovu, amelitengeneza vizuri, ameondoka nalo. Polisi walimhoji Germana wakamwachia. Watu wa ushirika walikuja kuangalia chini ya kitanda chake, sijui kama walidhani gari linakaa chini ya kitanda.

Kule Endabash, mama yake Bartolomeo alikataa kuwekwa msiba. Ndugu walipomwendea alisimama mlangoni kwake, mwiko mkononi.

"Nikimlilia, nimemzika mtu niliyemwona mzima," alisema. "Nisipomlilia, mnasema mama amekubali kuwa mwanawe mwizi. Sasa niacheni. Sitalia na sitanyamaza."

Na kweli hakulia wala hakunyamaza. Kila jioni alitoka nyuma ya nyumba akaita jina la mwanawe kuelekea milimani, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye zizini aje kula. Majirani waliizoea sauti ile, lakini wengi waliingiza watoto ndani kabla haijatoka.

Germana alibaki na chumba, sanduku la spana, na yale aliyoyajua. Mzee Omary, mwenye gereji, Mwislamu mcha Mungu ambaye macho yake yalikwisha kuanza kufifia, alimwita siku moja akamwambia, "Mwanangu, mimi sioni tena nyuzi za bolti. Vaa suruali, ushike kazi." Akavaa suruali, na juu yake khanga, na juu ya khanga ovaroli ya mumewe iliyokunjwa mikono. Wateja wa kwanza waligeuza magari. Wa pili waliyaacha kwa kukosa fundi mwingine. Baada ya hapo walimtafuta yeye.

Walimtafuta kwa sababu ya ukaguzi wake. Kwa Germana hakuna gari lililokuja kumwaga oili likaondoka limemwaga oili tu. Alivuta kile kijiti cha kupimia, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa: ikinuka petroli ana lake la kusema, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa anajua maji ya rejeta yamepenya kwenye injini. Akishafungua bolti ya kumwagia, wakati oili inachuruzika kwenye karai, hakukaa kitako. Alipita na taa chini ya gari kutoka mbele kwenda nyuma, akigusa. Aliyatikisa magurudumu kusikia kama tairodi zimelegea, akahesabu majani ya springi kwa kidole kutafuta lililovunjika, akazungusha propela shafti, akakunja mipira ya breki kuona kama imepasuka. Huko juu akabonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba na kufunua betri kutazama maji. Madereva waliokuwa na haraka walilalamika. "Oili ni damu," aliwajibu, "lakini mtu hafi kwa damu chafu peke yake. Anaweza kufa kwa mguu."

Sasa twende mwaka wa themanini na nne, kipupwe, wakati baridi ya Karatu inapoingia mpaka kwenye spana ukazishika kwa kitambaa.

Mchana mmoja iliingia Land Rover ya buluu, ndefu, bati la nyuma limebadilishwa kwa mbao. Mwenyewe alikuwa Abbasi, mfanyabiashara wa vitenge na chumvi aliyezunguka minada ya Loliondo na Sale. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia safi hata akitoka safari ya vumbi. Alikuwa amelipata gari lile karibuni, na alitaka kulipeleka Arusha.

"Dada Germana, nimetoka Digodigo tangu jana," alisema. "Nimwagie oili, unitazamie na hayo mengine yako. Breki naona zinazama kidogo. Mimi nakwenda kuswali alasiri na Mzee hapa, nikirudi tutaongea."

Akafunga mlango wa gari kwa ufunguo, maana mizigo yake ilikuwa ndani, akamshika Mzee Omary mkono wakaondoka wakielekea msikitini. Gereji ikabaki na Germana peke yake. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka msitu wa juu, na ua wa minyaa ukapotea mmea mmoja mmoja.

Aliyasukumia magurudumu mawe, akaingia chini.

Jambo la kwanza lilikuwa oili. Gari limetoka safari ndefu, injini bado inapwita kwa joto, bomba la moshi huwezi kuligusa. Oili kutoka gari la namna hiyo huunguza. Germana alijikinga mkono kwa kitambaa, akalegeza bolti, akaivuta haraka kama kawaida. Oili ikammwagikia kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa baridi, baridi ya maji ya mto wakati wa alfajiri. Aliutazama mkono wake kwa muda. Akaigusa sampo, bakuli la oili chini ya injini. Ilikuwa ya moto. Akaigusa tena oili, baridi.

"Hata hivyo," alijisemea, kama mtu anayemtuliza mtoto, akaendelea na kazi.

Alitoa chujio la zamani. Akaangalia springi, zilikuwa nzima. Tairodi ya kulia ilicheza kidogo, akaitia akilini. Akajivuta kwa mgongo mpaka usawa wa giaboksi, akainua taa.

Palikuwa na mshono wa kuchomelea pale, mnene, uliopinda mwishoni kwa sababu mchomeleaji alikuwa ameishiwa na fimbo za kuchomelea. Palikuwa na bolti ya mashine ya kuvunia, kichwa chake kikubwa kupita kawaida. Na kati ya bolti na chuma palichungulia ukingo wa bati jembamba. Alilisugua kwa ukucha. Chini ya matope yaliyokauka ikatoka rangi ya njano na nusu ya herufi, rangi ya mkebe wa samli. Ukingo wake ulikuwa na vijino vijino, kama bati lililokatwa kwa mkasi usio wa bati.

Germana hakupiga kelele. Aliweka taa kifuani pake ikamulika kidevu, akalala hivyo. Rangi ya buluu juu, injini nyingine, mbao nyuma, namba nyingine. Lakini uti wa mgongo wa gari ulikuwa ule ule, na yeye alikuwa amelala chini yake kama alivyolala zamani, na upande wake wa kushoto, pale alipokuwa akilala Bartolomeo, juu ya gunia palikuwa patupu.

Mtu mwingine angetoka akimbie. Yeye alifikiri: nimepewa kazi, nimalize, maana nikitoka sasa sitarudi humu tena. Akajivuta mpaka gurudumu la nyuma kuangalia breki. Mpira ulikuwa mzima, lakini zilikuwa zimeingia upepo, kama Abbasi alivyosema. Akaweka spana kwenye kinati, akakilegeza kidogo apime tu kama kimeshika kutu. Na mazoea, mazoea ni kitu kibaya, mdomo wake ukatamka wenyewe, polepole, bila yeye kuutuma:

"Kanyaga."

Maji ya breki yakaruka. Yalitoka kwa nguvu, na mapovu ndani yake, kama yanavyotoka pedeli inapokanyagwa mpaka chini. Yakampiga shavuni.

Gari lilikuwa limefungwa. Hakuna mtu aliyekuwa ndani.

Alisikiliza. Juu yake springi ya kiti ililia kidogo, mlio wa mtu anayeegemea. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka chini ya gari na kuizunguka taa. Germana alikaza kile kinati.

"Achia," alisema.

Kitu kikavuta pumzi ndani ya mabomba. Pedeli ilikuwa inapanda.

Alihama gurudumu moja hadi jingine, mpaka yote. Kila aliposema kanyaga, palikanyagwa. Kila aliposema shikilia, palishikiliwa mpaka alipokaza nati. Alifanya kazi huku machozi yakimwingia masikioni, kwa sababu mtu akilia akiwa amelala chali machozi hayana pa kwenda pengine. Gurudumu la mwisho lilipotoa maji safi yasiyo na povu, alisema achia, akasubiri. Halafu akauliza, kwa Kiiraki, lugha ya nyumbani, "Uko wapi?"

Alipotoka na kuchungulia dirishani, kiti cha dereva kilikuwa na vumbi lake la Digodigo, na juu ya vumbi lile hapakuwa na alama ya kukaliwa. Pedeli ya breki tu ndiyo iliyong'aa, na ilikuwa inamalizia kupanda, polepole.

Abbasi na Mzee Omary waliporudi walimkuta ameketi kwenye tairi bovu, mikono magotini. Alimwambia Abbasi habari ya bolti na bati. Habari ya pedeli hakuisema siku hiyo.

Abbasi alivua kofia. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Dada Germana, Wallahi mimi sikuiba gari."

"Sijasema umeiba. Nakuuliza umelitoa wapi."

"Digodigo, kwa mtu anayeunga magari mabovu. Yeye alipata mifupa tu: chasisi na magurudumu. Alisema ililetwa kwa kukokotwa na maksai wakati wa kiangazi, imetolewa kwenye korongo huko juu, upande wa Nainokanoka. Mimi sikuuliza zaidi. Lakini yule Mmasai aliyewaonyesha korongo namjua, tunauziana chumvi. Anaitwa Tajewo."

Germana akauliza. "Huyo Tajewo alisema kulikuwa na mtu ndani?"

Abbasi alimtazama Mzee Omary kabla ya kujibu. "Alisema pale hapakai ng'ombe. Nilidhani ana maana ya majani mabaya."

Mzee Omary alisema waende kwanza polisi, mambo yawe wazi, na wakaenda. Mkuu wa kituo alikuwa mgeni, hakuwahi kumjua Bartolomeo, na labda ndiyo sababu alisikiliza. Alitoa askari mmoja afuatane nao. Kesho yake, Germana akishatia oili mpya, wakaondoka kwa gari lile lile, kwa kuwa hapakuwa na jingine. Abbasi kwenye usukani, Germana kando yake, askari nyuma kwenye mbao na bunduki yake katikati ya magoti.

Walipanda Lodoare asubuhi. Juu ya ukingo ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba miti ilitokea ghafla ikiwa karibu, ndevu za kuvu zikining'inia, ikapotea tena. Bonde lilikuwa mkono wa kushoto, lakini hawakuliona. Waliona weupe tu unaopanda na kushuka, na mara moja walisikia nyati akipumua mahali pasipojulikana. Kwenye miteremko Abbasi alikuwa anauinua mguu wake na kuutazama.

"Umezifanyaje hizi breki?" aliuliza. "Naweka mguu tu, zinashika kabla sijakanyaga."

"Endesha, Bwana Abbasi," alisema Germana.

Tajewo waliambiwa yuko kwenye boma lake juu ya kijito. Alikuwa mtu mrefu, amejifunga shuka jekundu, na alipoliona gari likitoka ukunguni hakuja kulilaki kama watu wengine. Alisimama na fimbo yake mpaka injini ilipozimwa. Ndipo akasogea, akapita wanaume, akamwendea Germana.

"Yeyo, mama, wewe ni wa yule mtu," alisema.

"Mimi ni mke wake."

"Nilijua mtu atakuja. Nilikuwa nasema, chuma hakiwezi kuita bure." Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha polepole, kila neno akiliweka chini kabla ya kuchukua jingine. "Kaa nikuambie. Siku ile nilikuwa na ng'ombe huku juu. Ukungu kama leo. Nikasikia chuma kinapiga chuma. Ngo. Ngo. Nikajua ni mtu anataka watu. Nikaacha ng'ombe, nikafuata. Nikienda huku, mlio uko kule. Nikienda kule, uko nyuma yangu. Nilitembea mpaka ng'ombe wakarudi nyumbani peke yao, na mimi bado naufuata. Ukungu wa huku unachukua sauti unaipeleka popote. Nililala msituni chini ya mti, na asubuhi ukungu ukafunguka kidogo, nikasikia tena: ngo. Karibu. Chini ya miguu yangu. Nikatazama chini ya korongo, nikaona gari limelala ubavu."

Askari alikuwa ameacha kuandika.

"Nilishuka mbio. Mtu alikuwa nusu yake chini ya gari, na spana mkononi. Nikamshika mkono." Tajewo alinyoosha mkono wake mwenyewe akautazama. "Yeyo, mkono ulikuwa umekwisha kuwa baridi. Umekauka kama kuni. Kwenye spana palikuwa na umande, haujaguswa. Huyu mtu alikufa tangu jana yake. Na mimi mlio nilikuwa nimeusikia pale pale, kabla sijashuka."

Ndama walikuwa wanalia ndani ya boma.

Kwa nini hakutoa habari, askari aliuliza, na Tajewo akajibu bila kuona haya: aliwaambia wazee wake, na wazee wakasema serikali ikikuta mtu wa watu amekufa mikononi mwa Mmasai itaanza na Mmasai. Wakahama na mifugo mwezi ule. Lakini hakumwacha kwa fisi, kama ilivyokuwa desturi ya kwao kwa maiti. Alijua watu wa kule chini hulazana ardhini. Akamvuta kando, akamfunika kwa mawe mengi mpaka mikono ikamtoka damu, na spana akaishika kwa majani, maana si chuma chake, akaiweka pamoja naye. Miaka ikapita, watu wa Digodigo wakaja kutafuta vyuma, akawaonyesha gari ili liondoke, akidhani likiondoka na mlio utaondoka. Haukuondoka. Kila ukungu unaposhuka, alisema, hata wake zake wanausikia.

Wakashuka korongoni kabla ya adhuhuri. Palikuwa chini ya njia ya ng'ombe, si ya magari. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata barabara, naye Bartolomeo akawa amezunguka kwa njia ya wafugaji ili dawa ifike. Ndiyo sababu waliomtafuta hawakumwona. Mawe yalikuwa yameota kuvu. Hapakuwa na ndege pale. Germana aliliona hilo kwanza, kabla ya mawe: msitu mzima nyuma yao una sauti, na pale sauti inakoma kama umefunga mlango.

Walianza kuondoa mawe, Tajewo wa kwanza. Germana alipoliona koti alilijua. Kifungo kimoja alikuwa amekishona yeye kwa uzi mweupe kwa kukosa mweusi. Alipiga magoti. Alimwita mumewe kwa jina lake la nyumbani, akamwambia mambo ambayo Abbasi, aliyekuwa karibu, hakuyaelewa kwa kuwa yalikuwa ya Kiiraki, lakini alisema baadaye kwamba hayakuwa maneno ya kilio. Yalikuwa kama ya mke anayemweleza mume aliyechelewa habari za nyumbani, nani kafa, nani kaoa, mvua zilikuwaje.

Walimkusanya ndani ya shuka alilolitoa Tajewo mwenyewe begani pake. Walipokuwa wanapanda, upepo uliingia korongoni, ukungu ukaanza kusogea, na mahali fulani nyuma yao ndege mmoja akalia, kisha wa pili. Tajewo alisimama akageuka kusikiliza muda mrefu. Halafu akatema mate kifuani pake, ndiyo baraka ya kwao, akapanda.

Endabash walifika jua likiwa bado lipo. Mama yake Bartolomeo alikuwa amekwisha kutoka nyuma ya nyumba kwa ajili ya ule wito wake. Aliona gari linaingia uani, akaona Germana anateremka amekumbatia shuka jekundu. Hakuuliza. Alichukua lile furushi kama mtu anavyopokea mtoto, akaketi nalo chini palepale, na sauti iliyomtoka siku hiyo watu wa Endabash bado wanaisimulia. Alilia miaka yote sita kwa pamoja.

Bartolomeo alizikwa na padri, kwa heshima, karibu na baba yake. Askari alitoa maelezo mbele ya watu, kwamba marehemu alikufa kazini akipeleka dawa ya mifugo. Wale wa ushirika waliokuja kupekua kitanda walikuja msibani pia. Walichota maji, walipasua kuni, walichimba. Mmoja alimwendea Germana akataka kusema neno. Germana akamwonyesha ndoo nyingine iliyokuwa tupu, naye akaichukua akaenda kisimani, akaona amesamehewa, au angalau amepewa kazi.

Abbasi hakuliendesha tena lile gari. Alitaka kulirudisha kwa ushirika, na ushirika ukalikataa. Hakuna dereva aliyekubali kulipanda. Likakaa nyuma ya ghala la ngano la Mbulumbulu, likaliwa na kutu upesi kupita kiasi, na masika ya mwaka uliofuata sakafu yake ikaanguka. Watu waliochukua vyuma vya magari mabovu walichukua vya magari mengine yaliyokuwa kando yake.

Mama mkwe alihamia Karatu kwa Germana. Mara nyingi alikuja gerejini na kigoda chake, akaketi mlangoni na kusuka ukili, akiwasalimu wateja na kuwaambia wasiwe na haraka. Mzee Omary aliposhindwa kabisa kuona, aliiacha gereji mikononi mwa Germana, naye akaiendesha mpaka nywele zikaingia mvi. Katika kipupwe, ukungu ukiteremka wakati yuko chini ya gari, alikuwa akiweka spana chini. Mama mkwe naye alikuwa akiacha kusuka. Wanawake wale wawili walisikiliza, mmoja chini na mwingine mlangoni, mpaka mama mkwe aliposema, "Hakuna kitu, binti yangu. Maliza tukale," na Germana akashika spana yake akaendelea.